Kucha, tanga na vikono: jinsi ya kuchunguza kiungo cha ajabu cha dinosau mla nyama

Kila Jumamosi ninapokaa na klabu ya baiolojia hapa Lindi, swali huwa lile lile: "Mwalimu, hiki kilikuwa cha kazi gani?" Mmoja ameshika picha ya Spinosaurus mwenye tanga mgongoni, mwingine anaonyesha vikono vya Tyrannosaurus, na kabla sijafungua mdomo wa tatu ameshajibu. Pembe, za kupigania. Kucha, ya kupasulia matumbo. Jibu la haraka namna hiyo linanisikitisha, kwa sababu mtu akishalitoa hautazami mfupa tena.

Huu hapa ni utaratibu ninaoufuata. Unamfaa mwalimu, mzazi, au kijana anayejisomea mwenyewe. Tafuta miguu miwili ya kuku ambayo haijakatwa kucha, koleo, kisu kikali, kifuu cha nazi, tupa, kipande cha nyama ya mbuzi chenye ngozi, futi kamba na chaki.

Hatua ya 1: Tenganisha kilichochimbwa na kilichochorwa

Gawa ukurasa wa daftari mara mbili. Upande mmoja andika mifupa iliyopatikana kweli, upande wa pili andika vitu ambavyo mchoraji au mtengeneza sinema ameviongeza. Fanya hivyo kabla ya jambo lingine lolote.

Chukua Dilophosaurus wa Arizona, Marekani. Mifupa yake ilichimbwa mwaka 1942, lakini vishungi viwili vya mfupa vilivyo juu ya kichwa havikutambulika mpaka kielelezo kingine kilipopatikana mwaka 1964. Mnyama akapewa jina jipya mwaka 1970 kwa sababu ya vishungi hivyo. Vijana wengi, hata hivyo, wanamjua kwa utando wa shingoni na sumu anayotema. Hakuna mfupa hata mmoja unaoonyesha utando wala sumu. Vyote viwili vinakwenda upande wa pili wa ukurasa.

Spinosaurus naye ana mkasa wake. Ernst Stromer, Mjerumani, alimtangaza mwaka 1915 kutokana na mifupa iliyotoka Bahariya, Misri. Mifupa hiyo iliteketea Munich mwaka 1944 katika mashambulizi ya mabomu, na kwa miaka mingi watafiti wakabaki na michoro na picha zake. Ndiyo maana sura ya mnyama huyu imebadilika sana vitabuni, na ukikuta vitabu viwili vinapingana usishangae.

Hatua ya 2: Vuta kano za mguu wa kuku

Hapa usiwe na haraka. Ndege wametokana na dinosau walao nyama, kwa hiyo mguu wa kuku si mfano wa kuigiza tu. Ni mguu wa ukoo huohuo. Yale magamba yatazame vizuri, utaelewa.

Geuza mguu, sehemu ya nyuma ikutazame. Pasua ngozi taratibu kutoka pale ulipokatwa, kwa urefu wa kama kidole chako. Utaona kano nyeupe, ngumu, zinazoteleza, zimelala pamoja kama nyuzi kwenye ala. Zishike zote kwa koleo, uvute. Vidole vinajikunja vyote kwa pamoja, kucha zinaingia ndani. Ukiachia, vinalegea.

Sasa zitenganishe kwa ncha ya kisu, vuta moja moja. Utaipata inayokunja kidole kimoja tu. Tafuta ile ya kidole cha mbele cha upande wa ndani. Kwa hesabu ya watu wa anatomia hicho ni kidole cha pili, kwa kuwa cha kwanza ni kile cha nyuma. Kidole hichohicho ndicho kilichobeba kucha mashuhuri ya Deinonychus, dinosau mla nyama, ile iliyopinda kama mundu, ambayo John Ostrom aliipata Montana mwaka 1964 na kuitangaza mwaka 1969.

Msichana mmoja wa kidato cha pili alivuta kano hiyo mara tano bila kusema neno. Kisha akauliza, "Mwalimu, kwa hiyo nguvu iko kwenye kukunja, haiko kwenye kukata?" Nilimwambia aandike swali hilo kwa herufi kubwa. Mguu huu umeundwa kufumba. Kwa hiyo anayedai kwamba mguu wa jamaa yake ulikuwa wembe, aje na ushahidi.

Hatua ya 3: Ijaribu kazi unayoidhania

Vunja kifuu, chagua kipande chenye mpindo mzuri, ukichonge kwa tupa mpaka kipate umbo la kucha. Mfupa wa kucha ya Deinonychus ulivikwa ganda la keratini kama kucha zetu, na pamoja na ganda hilo kucha inakadiriwa ilizidi sentimita 12. Si lazima ufikie urefu huo. Lililo muhimu ni ukingo wa ndani wa mpindo: uuache mviringo, usiunoe kama kisu, kwa kuwa kucha zenyewe hazikuwa na makali ya kisu.

Weka nyama ya mbuzi mezani, ngozi juu. Didimiza ncha. Inazama vizuri. Sasa vuta uelekee kwako, kana kwamba unapasua. Ngozi inajikusanya mbele ya kucha, inafanya mkunjo mnene, mkono unakwama. Hicho ndicho kinachotokea kwetu kila mwaka. Nimewahi kumwona kijana mwenye mikono ya mkulima akitoka jasho, na ngozi isichanike hata urefu wa ukucha wa kidole gumba.

Watafiti wa Uingereza wakiongozwa na Phil Manning walitengeneza mguu wa mashine wenye kucha ya namna hiyo, wakaupigisha kwenye nyama, na mwaka 2006 wakachapisha matokeo: kucha ilitoboa, haikuchana tumbo. Wao waliona kwamba huenda ilikuwa ya kumparamia mnyama mkubwa na kumng'ang'ania. Mimi naafiki kuhusu kutoboa. Kuhusu kuparamia, nasubiri hatua inayofuata.

Hatua ya 4: Muulize jirani aliye hai

Kila unapodhani umepata jibu, tafuta mnyama aliye hai mwenye kiungo kama hicho, uone anakitumiaje. Mnyama mmoja hatoshi, tafuta kadhaa.

Kwa kucha ya kidole cha pili, jirani ni kipanga na tai. Wao pia wana kucha kubwa kwenye kidole hicho. Akikamata mnyama mkubwa asiyeweza kumfumbata ndani ya mguu, kipanga humkalia juu, hukaza kucha zisichomoke, hupiga mabawa ili asianguke, na huanza kula huku windo likiwa bado linapumua. Denver Fowler na wenzake waliueleza ulinganisho huu mwaka 2011, nami naona ndio wenye nguvu kuliko yote kwa mnyama aliyewinda windo dogo kuliko yeye. Unaeleza kucha. Unaeleza pia kwa nini wanyama hawa walikuwa na manyoya marefu mikononi ilhali hawakuweza kuruka.

Ushahidi mwingine ulitoka Mongolia mwaka 1971, jangwa la Gobi: Velociraptor, mla nyama wa jamii ya Deinonychus, na Protoceratops, mla majani, waliozikwa wakiwa wameshikamana. Kucha ya mguu wa Velociraptor iko usawa wa shingo ya mwenzake, na mkono wake wa kulia umebanwa kwenye taya za Protoceratops. Kila ninapoitazama picha hiyo nanyamaza kidogo. Kucha haipo tumboni.

Usisahau jogoo. Ana upanga kichwani na kipi miguuni. Kipi ni cha kupigania, hilo kila mtu amewahi kuliona uani. Je, upanga? Ni nyama laini, jogoo wakipigana ndio unaotangulia kuvuja damu. Hauna faida ya silaha hata kidogo, ila mitetea huutazama na jogoo wengine huutazama. Basi ukikuta kishungi chembamba juu ya kichwa cha Dilophosaurus, swali la kwanza lisiwe "alimpigia nani?" Liwe "nani alikuwa akimtazama?"

Nenda na kwa kinyonga wa Usambara, Trioceros deremensis: dume ana pembe tatu, jike hana. Tofauti kama hiyo ikionekana, ujue mambo ya kutafuta mwenza na kugombana na madume wenzake yako karibu. Kwa dinosau ni vigumu kupata mifupa ya kutosha kuwagawa madume na majike, ndiyo maana nawaambia wanafunzi waandike "huenda" bila aibu. Carnotaurus wa Argentina, aliyetangazwa mwaka 1985, ana pembe mbili nene juu ya macho. Za kusukumana vichwa? Za kujionyesha? Zote mbili zinawezekana.

Hatua ya 5: Ruhusu kiungo kimoja kiwe na kazi zaidi ya moja

Rudi kwa Spinosaurus. Mifupa iliyosimama juu ya pingili za mgongo wake ilifika kama mita 1.65. Pima urefu huo ukutani kwa futi kamba, uchore mstari, uwasimamishe wanafunzi kando yake. Wengi watakuwa wafupi.

Dhana ni nyingi. Ya kwanza, tanga lilipooza damu kama masikio ya tembo. Ya pili, iliyotolewa mwaka 1997, ni kwamba halikuwa tanga bali nundu, kama ya nyati wa Marekani. Ya tatu, lilikuwa bango la kujitangazia. Halafu ukaja ugunduzi wa Moroko, uliochapishwa mwaka 2020 na Nizar Ibrahim na wenzake: mkia wenye mifupa mirefu juu na chini, umekuwa kama kasia. Ongeza meno ya mviringo yasiyo na misumeno, yanayofaa kunasa samaki anayeteleza, na mifupa mizito isiyo na uwazi mkubwa ndani.

Wana wa pwani tunayo njia yetu ya kulielewa hili. Jahazi lenye tanga kubwa bila farumi, yaani mzigo mzito wa kulituliza chini, hupinduka. Mifupa mizito ya Spinosaurus ni farumi yake. Lakini je, farumi ilitosha? Mwaka 2022 Paul Sereno na wenzake walitengeneza modeli ya mwili mzima kwa kompyuta, wakahitimisha kwamba mnyama huyu hakuwa mpiga mbizi hodari, na kwamba tanga lilikuwa zaidi la kujionyesha. Mwaka huohuo kundi lingine lilipima jinsi mifupa ilivyoshikamana ndani na kusema alizamia. Mimi namwona ukingoni mwa maji, miguu ndani, pua karibu na uso wa maji, akivizia. Tanga linaonekana kutoka mbali. Kupooza mwili kidogo kungeweza kuja juu yake kama nyongeza.

Hatua ya 6: Chunguza kama kiungo kinaondoka

Hapa wengi hupotea. Chora sakafuni kwa chaki kichwa cha Tyrannosaurus, kama mita 1.4, kisha mkono wake, kama mita 1. Kichwa kinaushinda mkono kwa mnyama wa mita 12! Henry Fairfield Osborn, aliyempa jina mwaka 1905, alidhani mikono ilisaidia dume kumshika jike. Wengine wamesema ni ya kunyanyukia kutoka chini, wengine ya kukwaruzia windo la karibu. Mifupa yake ni minene na ina alama za misuli mikubwa, kwa hiyo haikuwa mikono iliyokufa.

Lakini geuza swali: badala ya "ilikuwa ya kazi gani?" uliza "kazi yake alipewa nani?" Carnotaurus, ambaye si wa ukoo huo, ana mikono mifupi hata zaidi. Meraxes wa Argentina, aliyetangazwa mwaka 2022, ni wa ukoo wa tatu, naye mikono yake imepungua vivyo hivyo. Wote wana vichwa vikubwa. Kichwa kilichukua kazi ya kukamata, mkono ukabaki na vibarua vidogo. Kevin Padian alipendekeza mwaka 2022 kwamba mikono ilipungua isije ikang'atwa wakati wa kula pamoja. Ni wazo zuri, ila sijui mfupa gani ungeweza kulikana, na wazo lisiloweza kukanwa nalipa alama chache.

Hatua ya 7: Maliza na mnyama wa nyumbani

Jaribio la mwisho nawapa Elaphrosaurus. Alichimbwa Tendaguru, mkoa wetu huuhuu wa Lindi, katika msafara wa Wajerumani wa mwaka 1909 hadi 1913. Werner Janensch alimtangaza mwaka 1920, na mifupa iko Berlin. Mabega yaliyoibeba kutoka Tendaguru hadi pwani yalikuwa ya babu zetu.

Ana shingo ndefu, mwili mwembamba, miguu ya mkimbiaji. Kichwa hakikupatikana. Kwa miaka mingi alichorwa na mdomo uliojaa meno, kwa kuwa yumo katika kundi la walao nyama. Lakini nchini China kuna jamaa yake, Limusaurus, ambaye watoto wake walikuwa na meno na wakubwa hawakuwa nayo. Huenda basi Elaphrosaurus wetu hakuwa mwindaji.

Wanafunzi wanamchora kwenye manila kwa penseli, pingili kwa pingili, kutoka mkia kwenda mbele. Wakifika mwisho wa shingo kuna kijana kila mwaka anayetaka kuendelea. Namwomba aache sentimita 20 za manila nyeupe, aandike kwa chini: "Bado kipo ardhini, Tendaguru."