Kupanga ruta ya bendi mbili katika nyumba ya mawe, Bagamoyo

Kuta za Mji Mkongwe ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa. Chumba cha pili kikikosa mtandao, watu hukimbilia bando kubwa zaidi, ilhali kinachokwama ni mawimbi ukutani.

1. Geuza ruta usome lebo. 802.11 ni kiwango cha Wi-Fi, na herufi za mwisho huonyesha kizazi: 802.11n ni Wi-Fi 4, ac ni Wi-Fi 5, ax ni Wi-Fi 6. AC1200 haimaanishi simu yako itapata Mbps 1200: ni jumla ya bendi zake mbili, takriban 300 za GHz 2.4 na 867 za GHz 5, tena hesabu za kiwandani. Wi-Fi 5 iko GHz 5 peke yake. Ukihamia GHz 2.4, ruta hiyohiyo inatumia Wi-Fi 4.

2. Fungua kivinjari, andika anwani iliyo kwenye lebo (mara nyingi 192.168.0.1 au 192.168.1.1). Zipe bendi majina tofauti, ujue simu imeshika ipi. Kamera na taa nyingi za Wi-Fi zinaijua GHz 2.4 tu.

3. Kwenye GHz 2.4 weka upana wa MHz 20, na chaneli (njia ndogo ndani ya bendi) 1, 6 au 11, ile yenye majirani wachache. Chaneli 3 huonekana tupu, lakini inagongana na 1 na 6 kwa pamoja.

4. Kwenye GHz 5 weka MHz 80, chaneli 36. Chaneli 52 hadi 144 ruta inazitumia pamoja na rada: husikiliza walau dakika moja kabla ya kurusha, na ikisikia rada inahama, simu zikatike.

5. Usalama uwe WPA2 yenye AES, au WPA3. Ukiiacha ruta kwenye WEP au TKIP, njia za zamani za usalama, kasi inashuka hadi Mbps 54, na hapo utamlaumu bure aliyekuuzia bando.

6. Iweke ruta juu, mkabala na mlango. Mbao hupitisha mawimbi kuliko jiwe. Funga mlango, pima chumbani kwa programu ya kupima Wi-Fi. Namba ni hasi: -65 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi) ni nzuri, -80 video inaganda.

Ikibaki -80 hata kwa GHz 2.4, usinunue kirudishi (kifaa kinachopokea mawimbi na kuyarusha tena) ukakiweke chumbani humo, kwani kitarudia udhaifu uleule. Pitisha kebo ya mtandao ya Cat6 dirishani, chomeka ruta ya pili LAN kwa LAN, yaani tundu la LAN la ruta moja kwa tundu la LAN la nyingine. Kabla ya kuchomeka, ibadilishie anwani na uzime DHCP yake (kazi ya kugawia vifaa anwani), la sivyo ruta mbili zitagawa anwani na vifaa vitakosa intaneti.