Wi-Fi Ikipotea kwenye Kompyuta ya Wazazi Kisumu: Jinsi ya Kuwasaidia Ukiwa Ng'ambo

Wengi wetu tunaoishi ng'ambo ndio mafundi wa kompyuta za wazazi wetu, na simu ya kuomba msaada huja jioni ya nyumbani, wakati ambapo aliye Uingereza, ambako saa ziko nyuma kwa mbili au tatu kutegemea majira, bado yumo kazini. Mama anaponiambia kutoka Migosi, mtaa wa Kisumu, kwamba mtandao umepotea, sianzi na kompyuta; naanza na simu aliyoishika mkononi. Nilijifunza hivyo baada ya kumwelekeza kwa karibu saa nzima abonyeze hapa na pale, kwa kuwa alinihakikishia kwamba simu yake inapata intaneti vizuri, kumbe ilikuwa imeiacha Wi-Fi kimyakimya na kuhamia kwenye bando.

Kwa hiyo, jambo la kwanza ni kumwomba azime data ya simu, aiache Wi-Fi ikiwa imewashwa, kisha afungue tovuti ambayo hajaifungua siku hiyo. Kama mnazungumza kwa WhatsApp, mazungumzo yatakatika mara data ikizimwa, basi mpigie simu ya kawaida au umpate kupitia simu ya mtu mwingine aliye hapo nyumbani. Simu ikishindwa kufungua tovuti hiyo, iacheni kompyuta kwanza, kwa maana tatizo liko kwenye ruta au kwenye laini inayoingia nyumbani.

Hapo mwombe apige picha ya taa za ruta, akutumie data ikishawashwa tena. Katika nyumba zenye faiba, taa iliyoandikwa LOS ikiwaka nyekundu maana yake ni kwamba ruta haipati mwanga kutoka kwenye kebo, na dawa yake ni kampuni ya intaneti kutuma fundi, si kuzima na kuwasha mara kumi. Taa zote zikiwa sawa na bado hakuna kinachofunguka, uliza kama malipo ya mwezi yamekwisha, kwa sababu vifurushi vingi vya nyumbani hulipiwa kabla. Ikiwa malipo yapo, achomoe ruta kwenye soketi, ahesabu hadi 30 polepole, airudishe, kisha asubiri dakika tatu taa zitulie. Msihi kabisa asiingize pini katika kile kitundu kidogo cha nyuma, kwani kukibonyeza kwa muda hufuta jina la mtandao, nenosiri na pengine mipangilio ya laini yenyewe, na kazi ya dakika tano ikageuka kuwa ya siku mbili.

Ruta isipowaka taa hata moja, uliza kuhusu radi. Kanda ya Ziwa hupigwa na radi nyingi, na jamaa zetu wa Kakamega na Kisii wanalijua hilo vizuri. Mvua ikianza kunguruma, ruta na kompyuta zichomolewe ukutani. Uliza pia ruta ilitoka wapi. Ukiwa Marekani na ukawatumia wazazi kifaa kutoka huko, soma kwanza maandishi ya chaja yake: iliyoandikwa 100-240V haina shida, lakini iliyotengenezwa kwa volti 120 pekee itaungua ikichomekwa kwenye umeme wa Kenya wa volti 240.

Sasa tuseme simu inapata Wi-Fi huku data ikiwa imezimwa, ila kompyuta haipati. Atazame kwanza chini ya skrini upande wa kulia: akiona alama ya ndege, Wi-Fi imezimwa kwa kitufe, mara nyingi bila mtu kukusudia. Kama mtandao wa nyumbani unaonekana lakini unakataa kuunganishwa, aiamuru kompyuta iusahau mtandao huo, kisha aandike nenosiri upya, nawe umtumie nenosiri kwa ujumbe ili herufi O isichanganywe na sifuri. Ikiwa mtandao hauonekani kabisa, sogezeni kompyuta karibu na ruta, kwa kuwa mawimbi ya GHz 5 hudhoofika haraka kwenye kuta za mawe kuliko ya GHz 2.4. Kuna pia sababu ambayo mafundi wengi hawaifikirii: kompyuta zilizouzwa Marekani mara nyingi husikiliza chaneli (njia za mawimbi ya Wi-Fi) 1 hadi 11 tu, ilhali ruta za kwingineko zinaweza kuhamia chaneli ya 12 au 13. Kuiweka ruta kwenye chaneli ya 1, 6 au 11 humaliza tatizo hilo.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni hotspoti. Mama awashe hotspoti ya simu yake na kuiunganisha kompyuta nayo. Ikishika, kadi ya Wi-Fi, yaani kifaa cha ndani ya kompyuta kinachonasa mawimbi, ni nzima, na tatizo limebaki kati ya kompyuta na ruta. Isiposhika hotspoti wala mtandao mwingine wowote, shaka iangukie kadi au draiva yake, yaani programu inayoiendesha, na hapo simu iunganishwe kwa kebo ya USB na kuruhusiwa kugawa intaneti kupitia kebo hiyo, ili kompyuta ipate mtandao bila kutumia Wi-Fi na draiva ipakuliwe upya. Kumbuka kwanza kuuwekea muunganisho huo kikomo cha data, la sivyo Windows itaanza kupakua masasisho na kumaliza bando la mzazi kabla hamjafika popote.

Kompyuta ikidai imeunganishwa na bado haifungui kitu, andikeni ipconfig kwenye dirisha la amri (Command Prompt) la Windows, mtazame anwani ya IPv4, yaani nambari inayoitambulisha kompyuta kwenye mtandao. Anwani inayoanza na 169.254 huonyesha kwamba kompyuta haikupewa anwani na ruta. Zimeni vyote viwili, na ruta iwashwe kwanza.

Utakapokwenda nyumbani Desemba, bandika nyuma ya ruta karatasi yenye jina la mtandao, nenosiri, nambari ya akaunti na simu ya kampuni, kisha uipige picha ruta hiyo ikiwa nzima, taa zote zikionekana, ukae na picha hiyo kwenye simu yako.