Jinsi ya kuchangia gemu za zamani zinazofufuliwa Kickstarter ukiwa Mtwara (hasa pale kwenye kadi)

Juzi Mwalimu mmoja wa sekondari, mtu na heshima zake, kanifuata dukani hapa Chikongola, laptopu kwapani, kaangalia kushoto kulia kama amekuja kukopa. Kumbe anataka kuchangia gemu. "Fundi, nimeona wanafufua zile za kubofya tulizokuwa tunacheza chuoni watu kumi kompyuta moja, wanaomba hela, natuma vipi?" Tulikaa mpaka adhana ya magharibi, na kwa kuwa hili swali nshaulizwa na watu wanne sasa naandika yote hapa, mwingine akija namtumia linki tu.

Kwa asiyezijua, gemu za adventcha ni zile hakuna kupiga risasi. Unatembea, unaokota kamba, unaongea na mlinzi mjinga, unatumia kamba kwenye ndoo, mlango unafunguka. Ukikwama umekwama, unaenda kulala unaamka na jibu. Maniac Mansion ya 1987, Monkey Island ya 1990, Myst ya 1993, ndo ukoo wenyewe. Baadae makampuni makubwa yakaona hazilipi yakaacha kuzitolea hela, mpaka Februari 2012 Tim Schafer na kampuni yake ya Double Fine wakaenda Kickstarter, mtandao wa kuchangisha hela za miradi, kuomba watu wa kawaida dola 400,000, wakapewa zaidi ya milioni 3.3 na watu zaidi ya 87,000. Hapo ndo wazee wote wa gemu hizi wakaamka.

Hatua ya 1: hakikisha bado unazipenda

Usicheke. Kumbukumbu inadanganya, unakumbuka chuo na washkaji ukadhani unakumbuka gemu. Kabla hujatoa hata shilingi weka ScummVM, ni programu ya bure inayochezesha hizi gemu za zamani kwenye kompyuta za sasa na hata kwenye simu ya Android, alafu daunlodi Beneath a Steel Sky. Ya 1994, wenyewe Revolution Software waliiachia bure tangu 2003 kwahiyo hauibi kitu cha mtu, na ni ndogo, haili bando. Cheza jioni tatu. Ukikuta unasinzia basi hela yako kanunue pweza. Na tumia mausi tafadhali, kwenye kioo cha simu kidole kinaziba kile kile unachotafuta, mimi simu naiweka ya kusafiria tu.

Hatua ya 2: fungua akaunti ya Kickstarter

Imeli na paswedi, basi. Tumia imeli unayoifungua kila siku, nitarudi kwenye hili.

Hatua ya 3: isome kampeni

Hapa watu wanaona picha ya mtu aliyetengeneza gemu ya utoto wao, machozi yanawalenga, wanabofya. Tulia. Kickstarter sio duka. Unamchangia mtu atengeneze kitu ambacho hakipo, na anaweza kuchelewa, na anaweza kushindwa, na wao Kickstarter hawakudhaminii kitu.

Ile tarehe ya kutoa gemu wanayoandika ichukulie kama fundi cherehani anapokwambia njoo Ijumaa. Double Fine waliandika Oktoba 2012. Hela zilipozidi na gemu ikanenepa, ikageuka Broken Age, nusu ya kwanza ikatoka Januari 2014 na ya pili Aprili 2015. Na huyo ni mtu aliyepata mara nane ya alichoomba! Corey na Lori Cole, wale wa Quest for Glory, Hero-U yao ilichangiwa 2012 ikatoka 2018, na katikati walirudi kuomba tena. SpaceVenture, ya wale jamaa wawili wa Space Quest, nayo ilichangiwa 2012, ikafika 2022. Mtoto aliyezaliwa siku ya kampeni alikuwa darasa la nne.

Lakini pia kuna Thimbleweed Park. Ron Gilbert na Gary Winnick, wenye Maniac Mansion yao, mwishoni mwa 2014 waliomba dola 375,000, wakapata kama 626,000, na Machi 2017 gemu ikatoka nzima, na walikuwa wanaandika maendeleo mara kwa mara mpaka unajua leo wamechora mlango gani. Mimi kipimo changu ndo hicho: natafuta kampeni yenye gemu ndogo inayoeleweka, watu wanaoonyesha kazi iliyokwishaanza, na wasiojaza ahadi za ziada kila hela inapoongezeka. Nikiona "tukifika milioni tutaongeza hiki, tukifika milioni na nusu tutaongeza kile" mi naondoka.

Hatua ya 4: chagua daraja la kuchangia

Chukua la bei ndogo linalokupa gemu yenyewe ya kudaunlodi. Double Fine lilikuwa dola 15. Haya mengine ya boksi, ramani ya kitambaa na fulana achana nayo, usafirishaji kutoka Marekani unaweza kuzidi mchango wenyewe na kampeni zingine wanakudai baadae wakati umeshasahau, alafu mzigo ukifika huku kuna ushuru. Ukilazimisha basi andika S.L.P. yako, namba ya simu, na kwenye kile kiboksi cha zipu kodi weka postikodi yako, za Mtwara zinaanza na 63.

Wakikuuliza gemu uipokee Steam au GOG, yale maduka ya gemu ya mtandaoni, sema GOG. Sibishani na mtu hapa. GOG unadaunlodi faili la kuinstolia unaliweka kwenye flashi, ni lako, umeme urudi usirudi, intaneti iwepo isiwepo unacheza.

Hatua ya 5: kadi

Vuta kiti.

Wote tunajua mchango wa harusi. Unaletewa kadi, unaandika ahadi laki moja, na hapo hujatoa kitu. Mhazini anaanza kukupigia, unapunguza ahadi kidogo kidogo, siku ya mwisho unamalizia ukumbini. Kickstarter ni ahadi vilevile. Ukibofya kuchangia HAWACHUKUI hela. Wanaandika namba ya kadi yako, wanasubiri kampeni iishe, mara nyingi ni siku 30 hivi na haiwezi kuzidi 60. Lengo lisipotimia hakuna anayekatwa, kamati inavunjwa. Likitimia, mashine inavuta hela kwenye kadi zote kwa pamoja ile ile siku. Na mhazini wa kukupigia hakuna, na kwa mchango mdogo kama huu wetu hakuna kupunguza kidogo kidogo, inavuta yote au inakosa yote.

Mimi hili sikulijua. Mara ya kwanza nilitengeneza ile kadi ya mtandaoni kwenye menyu ya pesa za simu, nikaweka hela, nikachangia, ukurasa ukaniandikia asante, nikaona nimemaliza. Wiki ya pili naangalia salio, hela ipo vilevile, nikasema aah itakuwa ilikataa, Mungu mkubwa, nikajazia mafuta ya pikipiki na nyingine nikamtumia mjomba Newala. Kampeni ikaisha, ikafanikiwa, mashine ikaja kuvuta ikakuta shilingi mia nne na kitu.

Wakanitumia imeli kwamba malipo yamegoma, nirekebishe ndani ya siku saba. Imeli ikaenda kulala kwenye lile kapu la matangazo pamoja na za kubashiri mpira. Nimeiona siku ya sita, jioni, duka limejaa.

Nikaweka hela chap. Imegoma. Kumbe kadi yenyewe ilishaisha muda wake, zile kadi za kwenye simu nyingine zinaishi muda mfupi na ukitengeneza mpya namba zinabadilika zote, na Kickstarter wao bado wameshika namba za kadi ya marehemu. Nikatengeneza mpya, nikaenda kwenye ukurasa wa ahadi yangu, nikabadilisha kadi, ikataka namba ya uthibitisho ile OTP inayokuja kwa meseji. Sasa laini yangu ya pesa iko kwenye kiswaswadu, na kiswaswadu kiko kwa jirani mwenye sola kinachaji kwa sababu umeme ulikatika mchana. Natuma dogo, dogo anakimbia, anasoma namba kwa sauti kutoka barabarani kama mpiga debe, naandika, ukurasa umeshachoka kunisubiri. Tena. Tena. Ya nne kadi ikafungwa kwa kujaribu sana. Nilifanikiwa siku iliyofuata saa tano asubuhi, kwa kadi ya benki ya shemeji, zikiwa zimebaki saa chache siku saba ziishe wanifute kwenye orodha. Dola 20 hizo! Saa nilizopoteza ningetengeneza laptopu tatu.

Kwahiyo fanya hivi, na usiruke hata kimoja.

Kwanza angalia tarehe ya kampeni kuisha, alafu angalia tarehe ya kadi kufa. Kadi ikifa kabla, usiitumie, tengeneza nyingine inayovuka hapo na uache kama wiki mbili za ziada. Ukishaiandika usiifute wala usitengeneze nyingine juu yake mpaka wamekata. Kadi ya benki yenye Visa au Mastercard inakubali pia na inaishi miaka, ila kuna benki manunuzi ya mtandaoni yamezimwa mpaka uende uombe wafungue, ulizia mapema. Binafsi bado napenda ya simu kwa sababu naweka hela ya kazi hiyo tu, kadi ya mshahara kuiandika andika kwenye kila mtandao sishauri.

Pili, hela iweke ikiwa na nyongeza. Bei inaweza kuwa ya dola, pauni au yuro kutegemea wenye gemu wako nchi gani, ile ya kwako inayoonyeshwa pembeni ni makadirio. Shilingi inabadilishwa siku ya kukatwa, kwa kiwango cha mwenye kadi na sio kile unachokisikia redioni, alafu kuna makato. Mi naongeza asilimia kumi. Salio likipungua shilingi mia tu inagoma kama vile hujaweka kitu.

Tatu, na hapa ndo Mwalimu alinibishia, usiiweke hela mapema ukaiacha inakuangalia mwezi mzima. Utaila. Weka siku mbili kabla. Kwenye ukurasa wa kampeni kuna alama ya kukumbushwa, ukiibofya kabla hujachangia wanakutumia imeli zikibaki saa 48, basi hapo ndo unachangia na kuweka hela kwa mkupuo. Mwalimu anasema yeye ana nidhamu. Mwalimu, korosho hazijauzwa bado na mwezi huu watu wote wanakopana, nidhamu itatoka wapi.

Nne, saa. Kampeni nyingi ni za Marekani. Ikiisha saa sita mchana ya California kipindi chao cha joto, kwetu ni saa nne usiku, na ukurasa utaandika 10:00 PM, sasa usije ukasoma kumi ukajua jioni. Usiku huo laini ya pesa iwe kwenye simu iliyo mkononi mwako na ina chaji.

Tano, fungua lile kapu la matangazo kila siku kwa siku saba baada ya kampeni kuisha. Ukiona imeli ya malipo kugoma usijaribu mara nne kama mimi, jaribu mara moja, ikikataa badilisha kadi.

Ukibadili mawazo unaweza kufuta ahadi kabla ya mwisho, ila saa 24 za mwisho hawakuruhusu kama kufuta kwako kutaangusha lengo.

Hatua ya 6: subiri

Kuna kipindi watakutumia fomu ya maswali, unataka ya Windows au ya nini, jina lako liandikweje. Ijaze siku hiyohiyo. Baada ya hapo sahau.

Hatua ya 7: daunlodi

Usiku wa manane, bando la usiku, faili la GOG, na nakala kwenye flashi. Flashi mbili kama unazo.

Dogo wa dukani kauliza kama na yeye anaweza kufungua kampeni ya gemu ya kubofya inayotokea Mikindani, kwenye yale majumba ya zamani ya mawe. Kuchangia tunachangia kutoka popote, ila Tanzania haimo kwenye nchi wanazoruhusu mtu kufungua kampeni, kwahiyo mpaka umpate mwenzako wa nchi iliyomo. Ila wazo lake la mlinzi anayelala na funguo kiunoni nimelipenda.

Mwalimu kampeni yake inaisha Alhamisi, saa nne usiku ya kwetu. Kadi inakufa mwezi wa tisa. Hela ameweka leo asubuhi mbele yangu, na laini nimemhamishia kwenye simu kubwa. Kiswaswadu kimebaki dukani, atakifuata Ijumaa.