Matairi ya foklifti: angalia haya kabla hujanunua, na kabla hujagusa nati

Natengeneza foklifti, zile mashine za kuinua na kupanga mizigo, hapa Kigoma, kwenye maghala yaliyo karibu na stesheni ya reli na bandari, ambako saruji na unga hupangwa zikisubiri meli za kwenda Burundi na Kongo. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Fundi, hili tairi si bado lipo lipo?" Huwa sijibu nikiwa nimesimama. Naomba tambara lenye maji, nachuchumaa.

Nitaeleza tambara ni la nini. Lakini kwanza uelewe mashine yenyewe. Foklifti haina springi wala shokapu kama gari. Ikiingia shimoni, mpira wa tairi ndio unaopokea kishindo. Ukishindwa, kinachofuata ni ekseli, mlingoti (nguzo za mbele zinazoinua mzigo) na kiuno cha dereva. Na ikibeba mzigo, karibu uzito wote hulalia matairi mawili ya mbele. Paleti, yaani jukwaa la mbao la kupangia mizigo, ikiwa na mifuko 40 ya saruji ya kilo 50 ni tani 2. Jumlisha na uzito wa mashine yenyewe, kila tairi la mbele linabeba zaidi ya tani 2. Ndiyo maana nasikitika nikimwona mwenye ghala anachagua tairi kwa kuuliza bei peke yake.

Kabla hujauliza bei, tembea kwa miguu njia yote ambayo mashine inapita, kutoka paleti inapochukuliwa hadi inaposhushwa. Angalia chini. Kama yote ni sakafu ya zege laini, una uhuru mkubwa. Kama kuna uwanja wa kokoto, udongo mwekundu na kuvuka reli, kama ilivyo kwetu, uhuru huo huna.

Tairi la upepo hulala vizuri kwenye uwanja mbovu na halimchoshi dereva, lakini msumari mmoja wa paleti unatosha kusimamisha kazi nusu siku. Tairi la solidi, yaani la mpira mtupu lenye umbo la tairi la kawaida, halijui pancha. Lipo pia la mkanda, ambalo ni pete ya mpira iliyoshindiliwa juu ya gurudumu la chuma. Hilo ni la ndani tu. Kila mwaka naitwa kuvuta mashine ya mkanda iliyonunuliwa mtumba kwa sababu ilikuwa rahisi, mvua za Novemba zikanyesha, mtu akaitoa uwanjani, ikazama hadi tumboni. Huwezi kuifunga matairi makubwa ikawa ya uwanjani, kwa kuwa ilitengenezwa fupi tangu kiwandani. Matairi meupe yasiyoacha alama sakafuni yanafaa ghala la vyakula lenye sakafu safi, ila huisha haraka kuliko meusi.

Kwa uwanja wetu mimi nashauri solidi, na nasisitiza sharti moja: usiliendeshe safari ndefu barabarani. Mpira mtupu hushika joto katikati na hauna pa kulitolea. Kuna mteja aliyekuwa akiendesha foklifti yake barabarani hadi Ujiji na kurudi, siku baada ya siku, kwa sababu hakutaka kukodi lori. Tairi likaanza kuvimba ubavuni. Nilipolikata, nje lilikuwa gumu kama kawaida, lakini ndani mpira ulikuwa umeyeyuka, unanata kidoleni kama gundi. Ukiwa na safari, pandisha mashine kwenye lori.

Ukiagiza Dar es Salaam, soma namba ya ubavuni yote, usikisie. Namba huandikwa kwa mitindo miwili na watu wengi huichanganya. 7.00-12 ina maana upana wa inchi 7 na rimu ya inchi 12. Lakini 28x9-15 inaanza na kimo cha tairi zima, inchi 28, kisha upana 9, kisha rimu 15. Mashine nyingi za kuinua tani 2 na nusu hutumia 7.00-12 mbele na 6.00-9 nyuma, za tani 3 mara nyingi 28x9-15 mbele na 6.50-10 nyuma. Nasema mara nyingi, kwa hiyo hakikisha kwa macho yako. Piga picha ubavu wa tairi, piga picha na rimu pande zote mbili, kwa sababu solidi za ukubwa uleule zipo za rimu zenye pete ya kufungia na zipo zisizohitaji pete. Tairi lisiloingia likishafika Kigoma, kulirudisha ni gharama yako.

Sasa matunzo. Tairi la upepo pima asubuhi kabla mashine haijafanya kazi, likiwa la baridi, na ufuate kibao kilichobandikwa kwenye mashine. Vijana wa pancha wamezoea pikipiki na magari madogo. Wakisikia upepo wa paundi 100 wanadhani umekosea. Hujakosea. Matairi haya yanataka upepo mwingi kiasi hicho, na likiwa chini ya hapo ubavu hujikunja kila mzunguko hadi nyuzi za ndani zikatike. Wakati wa kujaza, simama upande wa mbele au wa nyuma wa gurudumu, kamwe si mkabala na ubavu wake.

Mafuta ni adui wa mpira. Hapa kwetu dumu la mawese likipasuka ghalani watu hupita juu yake wiki nzima. Mwaga vumbi la mbao, zoa, kisha osha sakafu na tairi kwa sabuni. Vipande vya utepe wa chuma wa kufungia mizigo vitoe kwa koleo siku hiyohiyo. Na wewe dereva, mdogo wangu, usizungushe usukani mashine ikiwa imesimama na mzigo. Kufanya hivyo ni kulisaga tairi kama muhogo kwenye kibao cha mbuzi.

Turudi kwenye tambara. Solidi nyingi zina mstari uliochongwa ubavuni kuzunguka tairi, mara nyingi umeandikwa 60J. Ni mstari wa usalama: sehemu ya juu ikiisha hadi kuugusa, tairi limekwisha, hata kama unaona mpira mwingi umebaki chini yake. Shida ni tope. Tope jekundu likikauka hujaza mstari ukawa huuoni kabisa. Ndipo nalowesha, nasugua taratibu kuelekea chini, halafu napapasa kwa ukucha hadi unakwama. Juzi nilimwonyesha msimamizi wa ghala. Alikuwa na uhakika tairi lina miezi sita mbele yake. Ukucha ulikwama pembeni kabisa, kwenye ukingo wa kukanyagia. Kama halina mstari, badilisha likipoteza theluthi moja ya kimo cha mpira. Badilisha pia ukiona nyufa zinazoshuka hadi kwenye rimu, mabonge yaliyomeguka, au mpira unaojizungusha ndani ya rimu. Hilo la mwisho utaligundua ukichora mstari wa chaki kutoka tairi hadi rimu: jioni mistari haikutani.

Badilisha mawili ya ekseli moja kwa pamoja. Mpira wa tairi moja ukiwa umelika sentimita 1 zaidi ya mwenzake, na magurudumu yameachana mita 1, mzigo ulioinuliwa mita 3 unakuwa umehama sentimita 3 upande mmoja. Kwa tani 2 za saruji, hizo si kidogo.

Kufungua ndiko kunakoua. Rimu nyingi za foklifti ni vipande viwili vilivyoshikwa kwa boliti, na boliti hizo zimekaa karibu na nati za kufungia gurudumu. Kijana mmoja, mbele yangu, alianza na boliti za rimu badala ya nati za gurudumu, tairi likiwa limejaa. Nusu ya rimu iliruka ikatoboa bati la paa. Alipona kwa sababu sekunde ile alikuwa ameinama pembeni kuokota spana. Kwa hiyo: toa upepo wote, chomoa sindano ya valvu, pitisha waya ndani uhakikishe hakuna uchafu ulioziba, ndipo uguse nati yoyote. Wakati wa kurudisha, jaza upepo tairi likiwa ndani ya kizimba cha chuma.

Kuinua mbele, laza mlingoti nyuma, weka gogo gumu chini yake kila upande, kisha uulete mbele taratibu, magurudumu yatanyanyuka. Weka stendi chini ya fremu mara moja. Kumbuka breki ya mkono hushika magurudumu ya mbele tu, kwa hiyo yakiwa hewani kinachoizuia mashine ni kabari za nyuma. Ziweke kabla ya yote.

Solidi haiingizwi kwa nyundo. Inahitaji presi ya haidroliki ya tani 100 hivi, na kama hakuna karibu, tuma rimu na tairi zifungwe kunako presi. Usichome tairi la zamani kulitoa. Moto huharibu chuma cha rimu, na moshi wake ni sumu.

Kaza nati kwa kuvuka, moja huku na ya mkabala wake kule, kwa kipimo cha kitabu cha mashine. Rudia kuzikaza kesho yake baada ya kazi, kwani nati za gurudumu jipya hulegea. Mimi nikimaliza naandika kwenye rimu, kwa rangi nyeupe, tarehe na masaa yanayosomeka kwenye mita, ili fundi atakayekuja baada yangu ajue tairi hili limefanya kazi kiasi gani.