Usiandike "bei inboksi": ninavyouza magari ya mkononi nikiwa Mtwara

Ukitangaza gari, anza na kutu. Najua wengi huanza na gari lililooshwa mpaka linang'aa, picha imepigwa upande wa jua, muziki juu. Nami nilianza hivyohivyo, magari matatu chini ya mwembe hapa Mtwara Mjini. Nikavuna "hongera dada" za kutosha, mnunuzi hata wa kusingiziwa sikumpata.

Nilichelewa kuelewa kwamba gari moja huku lina wanunuzi watatu. Anayeliona tangazo ni kijana aliyeko Dar es Salaam. Mwenye pesa ni baba yake, yuko Tandahimba na mikorosho yake. Mwenye neno la mwisho ni fundi wa huyo mzee, ambaye ana simu ya kitochi na tangazo atasimuliwa tu. Kwa hiyo kila ninachorusha nakiandaa kisafiri: kijana akimtumia mzee, mzee akimpigia fundi, kisipungue kitu njiani. Picha kumi na maneno "chuma hiki hapa, wahi" hazisafiri. Mzee atauliza bei, kijana hajui, biashara imeishia hapo.

Mimi naandika ujumbe mmoja tu, hivi: "Toyota IST, cc 1290, namba D. Dashibodi inasoma kilomita 148,000. Mlango wa nyuma kushoto umepigwa rangi. Shokapu za mbele zimechoka. AC inapoza. Kadi ina jina langu. Lipo Mtwara Mjini. Milioni 10 na nusu, maongezi yapo ukishaliona." Bei iko humohumo. Ukiandika "bei inboksi" mtu anahisi unataka kumpima mfuko kwanza. Halafu unamfungulia dalali mlango: anachukua picha zako, anaweka cha juu chake, na wewe unasikia gari lako linauzwa milioni 12 na mtu usiyemjua. Bei ikiwa wazi, cha juu kinaonekana.

Sasa video, hapa ndipo penye kazi. Piga asubuhi, mashine ikiwa ya baridi. Weka kiganja juu ya boneti watu wakione kimetulia pale, kisha washa. Nyamaza. Acha mashine iseme yenyewe, muziki usiweke kabisa, maana fundi anachotaka ni ule mlio wa sekunde za mwanzo. Zunguka nyuma uonyeshe moshi wa ekzosi. Baada ya hapo lala chini. Mimi nina kipande cha turubai kwa kazi hiyo, na majirani wameshazoea kuona miguu ya mwanamke imetokeza chini ya gari. Mji wetu uko baharini, chumvi inakula bodi kwa chini, na gari lililolala miaka Shangani, mtaa wetu wa ufukweni, utalifahamu kwa kuinama tu. Onyesha chini ya milango, onyesha sakafu. Kama kuna kutu, iguse kwa kidole, sema ni ya juujuu au imetoboa. Gari langu la kwanza kununuliwa kwa njia hii lilikuwa na tundu la kuingia kidole gumba. Mnunuzi alitoka Masasi akalikagua tundu lenyewe kwanza, akakuta ni lilelile la kwenye video, hakuangalia tena mengine. Alilipa siku ileile.

Taja na siku kwa sauti: "Leo Jumanne, niko na gari hili." Nilijifunza kwa kuumia. Mtu alichukua picha zangu za Noah, akafungua ukurasa wake, akashusha bei, akaanza kuomba watu "laki mbili ya kulishikilia". Waliotuma walikuja kunidai mimi. Tangu hapo naandika namba yangu ya simu kwa chaki kwenye kioo cha mbele kabla sijapiga picha, na kila tangazo linabeba maneno haya: sipokei hata shilingi kabla hujaligusa gari.

Pa kurusha je? Facebook ina magrupu ya mikoa ya kusini, na wazee wetu wenye simu za kisasa wako humo. TikTok na Instagram ni za wale vijana walioko Dar. Ila pesa yangu mimi inatoka WhatsApp, na siri yake wengi hawaishiki: stetasi yako haioni mtu ambaye hajaihifadhi namba yako. Unaweza kuwa na namba elfu moja ukatazamwa na watu arobaini. Kila anayepiga simu, hata kama hanunui, namwambia, "Kaka, niandike 'Dada wa Magari Mtwara' kwenye simu yako." Mafundi, madereva wa Masasi, makarani wa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), wote nimewaomba hivyo. Chukua WhatsApp Business, ni ya bure. Ina katalogi ambayo mteja anafungua mwenyewe na jibu la moja kwa moja ukiwa umelala. Wazee wajibu kwa sauti, usiwaandikie. Shikamoo kwanza, gari baadaye. Na kama nawe ni mwanamke, zoea swali la "mwenyewe yupo?" Mimi hujibu, "Ndiye huyu unayeongea naye, mzee wangu," naendelea na habari ya gia boksi.

Tangazo la kulipia ni sawa, ila chagua eneo. Mara ya kwanza sikuchagua, nikapigiwa simu wiki nzima na watu wa Mwanza.

Kalenda yako iandike kwa korosho. Kuanzia Juni, watu wanapuliza salfa kupambana na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Pesa yote imo shambani, na ukiwapigia kelele za magari wanakukera. Miezi hiyo nafundisha: namna ya kusoma kadi, kwa nini ulinganishe namba ya chesisi na iliyoandikwa humo, namna ya kuangalia deni la faini za trafiki kabla hujalipa, kwa nini uhamishaji wa umiliki TRA usiuahirishe. Sitaji bei ya gari lolote. Minada ikianza Oktoba na malipo yakaanza kuingia benki, watu wale wale waliokuwa wanakusikiliza ndio wanaopiga. Magari yawe yameshafika wakati huo. Ukianza kuyatafuta Dar mnada wa tatu umepita, utanunua kwa bei ya haraka, na mteja wako ameshachukua la mwenzio.

Ukiuza, usikimbilie kumpiga mnunuzi picha na ufunguo. Muulize. Mzee mmoja aliyenunua Rav4 kwangu mwezi wa kumi na moja aliziba lenzi ya simu kwa mkono. "Mwanangu, ukinirusha leo, kesho wapwa zangu wote wako mlangoni, kila mmoja na shida yake." Nikapiga gari kwa nyuma tu, kibao cha namba nimekifunika kwa kitambaa, nikakivua palepale, likaondoka na vumbi lake. Halafu nikarudi kwenye kila nilipolitangaza nikaandika LIMEUZWA, la sivyo ningeamshwa mpaka Februari na watu wanaouliza, "Dada, ile Rav4 bado ipo?"