Namna ya kuendesha mjadala wa filamu iliyowagawa watazamaji

Filamu ya kuchokoza na kutia hofu inapokwisha na taa za ukumbi zikawashwa, mara nyingi baadhi ya watu huwa wameduwaa na wengine wamekasirika kwamba wamepotezewa muda na fedha. Anayeendesha mjadala usiku huo hana kazi ya kuwapatanisha, wala ya kuamua nani ameielewa filamu na nani hakuielewa. Kazi yake ni kuwasaidia wote watambue ni kitu gani hasa, ndani ya filamu au nje yake, kilichowatenganisha. Mwongozo huu unatumia zaidi mfano wa The Blair Witch Project, filamu huru ya Marekani ya mwaka 1999 iliyoongozwa na Daniel Myrick na Eduardo Sánchez, kwa kuwa mvutano ulioizunguka bado unafundisha.

Kabla ya siku ya maonyesho, chunguza watazamaji waliahidiwa nini. Filamu hiyo ilijitambulisha kuwa ni picha zilizookotwa baada ya vijana watatu, waliokwenda kutengeneza filamu ya hali halisi kuhusu mchawi, kupotea katika misitu ya Maryland. Waigizaji walitumia majina yao wenyewe, tovuti ilieneza habari za kupotea kwao kana kwamba ni tukio la kweli, na matangazo ya kuwatafuta yalibandikwa wakati wa tamasha la filamu la Sundance huko Marekani. Aliyeingia ukumbini akiamini habari hizo aliona maiti watarajiwa wakihangaika. Aliyeingia akisubiri kumwona mchawi alitoka bila kumwona hata mara moja. Si ajabu basi kwamba wachambuzi wengi waliisifu, ilhali CinemaScore, kampuni inayowahoji watazamaji wa Marekani usiku wa kwanza filamu inapotoka, ilipata alama ya C+, ambayo kwa kipimo chake ni ya chini. Kwa maoni yangu alama ya namna hiyo hupima zaidi kama mtu amekipata alichoahidiwa kuliko ubora wa kazi yenyewe, na kwa sababu hiyo swali la kwanza la mjadala liwe: “Ulikuja ukitarajia kuona nini?”

Swali la pili ndilo lenye uzito kuliko yote, na usiliharakishe. Waombe watu waeleze walichokiona na kukisikia katika tukio moja, kabla hujaruhusu neno “nzuri” au “mbaya”. Kwa filamu hii chagua dakika za mwisho. Heather, mmoja wa vijana wale watatu, anashuka mbio hadi chumba cha chini cha nyumba iliyotelekezwa, akipiga kelele, kamera ikiwa mkononi; anamkuta mwenzake Mike amesimama kimya kwenye pembe, uso ameuelekeza ukutani; kisha kamera inaanguka, na filamu inakwisha. Hakuna damu wala mchawi. Sasa uliza ni nani anayekumbuka simulizi ya mwanzoni, pale mkazi mmoja wa eneo hilo anapomtaja Rustin Parr, muuaji aliyekuwa akiwapeleka watoto wawili wawili chini ya nyumba, akamsimamisha mmoja akitazama pembe wakati anamuua mwenzake. Aliyeyashika maneno hayo hutetemeka anapomwona Mike ukutani, na aliyeyakosa huona tu mtu amesimama. Hapo ukumbi mzima hugundua kwamba kundi moja halikuwa na akili kuliko jingine, bali sentensi chache zilizopita haraka zimewapa watu filamu mbili tofauti. Ikiwezekana, rudieni sehemu zote mbili kwenye skrini.

Katika hatua hii mwenye kulalamika kwamba hakuelewa asichekwe. Wengi wetu tumekulia katika vibanda vya video ambako mtafsiri huisimulia filamu kwa sauti, akieleza kila kinachotokea na hata kisichoonekana, na mazoea hayo ni namna halali ya kutazama, yenye raha yake. Filamu inayomwacha mtazamaji peke yake gizani inamdai mazoea mengine, na ni haki yake kusema kwamba hakupendezwa na dai hilo.

Baada ya hapo yatenganishe malalamiko, kwa sababu yote hutoka yamechanganyika. Mtu aliyepata kizunguzungu na kichefuchefu kutokana na kamera inayoyumba anasema habari za mwili wake, na hoja za usanii hazimtibu. Hao ni wa kutahadharishwa mapema na kuketishwa nyuma. Anayesema amedanganywa na matangazo anawalaumu waliouza filamu. Anayesema hadithi ni nyembamba analeta hoja ya ufundi, na huyo aombwe kutaja mahali.

Lalamiko la maadili lipewe muda wake kamili. Wakati wa upigaji picha, uliochukua siku nane mwaka 1997, waongozaji waliwapunguzia waigizaji chakula kadiri siku zilivyosonga na kuwasumbua usiku kwenye hema, ili uchovu na hasira zao ziwe za kweli. Mama yake Heather Donahue, mwigizaji aliyecheza Heather, alipokea kadi za rambirambi kutoka kwa watu walioamini kwamba binti yake amekufa. Filamu ilipata zaidi ya dola milioni 240 duniani, na mwaka 2024 waigizaji hao watatu walijitokeza hadharani kudai malipo ya haki. Mtazamaji akiuliza kama hofu yetu ilistahili gharama hiyo, usimjibu kwa kusifu ubunifu. Mimi binafsi naiona filamu hiyo kuwa kazi kubwa, na bado naona swali la mtazamaji huyo halijajibiwa.

Jihadhari pia usizime hoja kwa kutaja tuzo au mapato. Historia itajwe tu pale inapofungua mjadala, kama habari ya L'Avventura, filamu ya mwongozaji wa Italia Michelangelo Antonioni ambamo mwanamke anayepotea kisiwani hapatikani kamwe, iliyozomewa katika tamasha la filamu la Cannes mwaka 1960. Tamasha hilo hilo liliipa Tuzo ya Baraza la Majaji, na mwaka 1962 ikashika nafasi ya pili katika kura ya wachambuzi ya jarida la Uingereza la Sight and Sound. Habari hiyo haithibitishi kwamba wanaozomea hukosea siku zote, maana filamu nyingi zilizozomewa zilistahili. Inaonyesha tu kwamba usiku wa kwanza ni mapema mno kupiga kura. Kwa hiyo usipige kura ya kufunga mjadala. Waulize waliotoka katikati, kama bado wapo nje, ni tukio gani lililowainua kitini, kisha panga kikao kifupi baada ya wiki mbili au tatu, bila kuionyesha filamu tena, na uanze kwa kuuliza ni picha gani bado inawarudia.