Unalalia mito mingapi? Maneno ya mtu wa usingizi kwa mama anayekwenda upasuaji

Mimi ndiye yule anayekuchoma sindano ya mgongo, halafu anakaa kichwani kwako wenzake wakimtoa mtoto. Kazi hii naifanya mkoani Mtwara, na siku hizi swali langu la kwanza kwa mama si la presha. Namuuliza: unalalia mito mingapi?

Aliyenifundisha swali hilo ni mama mmoja wa Tandahimba. Nilimuuliza habari za mzio, pumu, sukari, na alikula lini. Akajibu yote. Tulipomlaza chali akanishika mkono: "Kaka, nazama." Kikohozi kikamwanza, na povu lenye wekundu. Tukamketisha, tukampa oksijeni na sindano ya kumkojoza maji, na usiku uleule akapelekwa hospitali kubwa, akajifungua huko salama. Shangazi yake ndipo akatuambia kwamba tangu korosho zianze kuokotwa, mwanawe alikuwa akilala ameegemea gunia. Nyumbani walidhani ni mimba imemchosha. Kumbe valvu ya moyo, ule mlango wa kupitishia damu, ilikuwa imebana, kovu la homa iliyofuata maumivu ya koo utotoni. Sikumuuliza alivyolala, kosa lilikuwa langu.

Mimba huongeza damu karibu nusu ya ile ya kawaida, na moyo ndio unaoisukuma yote. Kuhema ukipanda mlima na ndoo, sawa. Lakini ukiamka usiku unatafuta pumzi, ukikohoa kila ukilala, moyo ukienda mbio umekaa tu, au ukizimia, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda, na uombe kipimo cha eko, yaani picha ya moyo ya mawimbi ya sauti. Ukikutwa na tatizo, mpango wa kujifungua upangwe mapema. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara mjini. Hiyo si safari ya kuianza na uchungu.

Dawa za moyo usiziache kwa sababu tu una mimba, wala usiendelee nazo kimyakimya. Zipo ambazo lazima daktari azibadilishe. Njoo na maboksi yake, hata matupu. Na kama umekunywa dawa ya kienyeji ya kuongeza uchungu, niambie. Sitakugombeza, nataka kujua tu nini kimo mwilini.

Upasuaji ukiwa wa kupangwa, chakula kikome zikiwa zimebaki saa 6 nzima; maji matupu unaweza kunywa mpaka zibaki saa 2. Nimewahi kumkuta bibi akimlisha mjukuu wake ming'oko, vile viazi vya porini vya huku kwetu, mlangoni pa thieta, eti asiingie na njaa. Tukilazimika kumpa nusu kaputi, ming'oko hiyo inaweza kupanda na kuingia mapafuni.

Mezani tutakuwekea kitambaa kilichokunjwa chini ya nyonga ya kulia, uinamie kushoto. Usikitoe. Ukilala chali kabisa, tumbo linabana mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Ganzi ya mgongo nayo hushusha presha, na wewe utajua kabla ya mashine: kichefuchefu cha ghafla, kizunguzungu, masikio kuvuma. Sema hapohapo, dawa ya kuipandisha ninayo mkononi. Miguu kufa ganzi ndiyo tunachotaka. Vidole vya mikono vikianza kuchezewa na sisimizi, au sauti ikawa nyembamba, ganzi imepanda mno. Usione haya kunikatiza.

Mwenye ugonjwa wa moyo atuambie tena mezani kwamba anao, hata kama limeandikwa kwenye kadi. Oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, kwake husukumwa polepole sana, maana ikiingia kwa kasi presha huporomoka. Egometrini, dawa nyingine ya kazi hiyohiyo, huwa tunaiepuka kwake kabisa.

Mtoto akishatoka watu hupiga vigelegele na kunisahau. Sawa, ila mfuko wa uzazi unapojikaza hurudisha damu nyingi kwenye mzunguko kwa mkupuo, na moyo mgonjwa unaweza kuelemewa ndani ya siku 3 za mwanzo. Kichwa kikiuma ukikaa na kutulia ukilala, hiyo ni ile sindano yangu. Niite, usinywe panadoli ukanyamaza. Upo pia udhaifu wa moyo unaoanza mwishoni mwa mimba au hata miezi 5 baada ya kujifungua, kwa mwanamke ambaye hakuwahi kuugua moyo. Kwa hiyo, shangazi, mzazi akianza kuomba mto wa pili, arobaini iwe imefika au haijafika, mrudishe hospitali siku hiyohiyo.